Maji ya Kinjeketile na Maji Yetu

Wengi wetu tuliopita sekondari tulikutana na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Ilichapishwa mwaka 1969, miaka minane baada ya uhuru, na tangu hapo vizazi kwa vizazi vimeisoma na kuiigiza. Tunajiuliza: kwa nini watu wapende mchezo unaoishia kwa kushindwa?

Jibu jepesi ni kwamba kilikuwa kitabu cha mtihani. Lakini vitabu vya mtihani ni vingi, na vingi vimesahaulika. Jibu la pili ni kwamba kinasimulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na damu ile ni ya babu zetu. Sisi wa Pangani hatuhitaji kufafanuliwa hilo, maana hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889. Hata hivyo tunaona sababu iliyo ndani zaidi.

Katika mchezo, Kinjeketile anaingia katika maji ya Rufiji na kutoka na habari ya maji yatakayowakinga watu na risasi. Makabila yaliyokuwa yakigombana yanaungana. Hilo lilikuwa jema, tena jema sana. Kisha shaka inamwingia: sauti aliyoisikia ni ya Hongo, au ni ya moyo wake mwenyewe? Anawataka wapiganaji wasubiri. Hawasubiri. Neno limekwisha kuwa kubwa kuliko aliyelisema. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, asije akawavunja moyo watakaozaliwa baadaye.

Sisi tunaotazama tunajua mwisho tangu mwanzo. Tunatamani kuwapigia kelele wale vijana, lakini moyoni tunajua kwamba nasi tungepanga foleni ya maji. Tusiseme hao ni watu wa kale. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe alichokitoa mchungaji mstaafu wa kanisa letu. Mtu aliyeonewa au aliyeugua hutafuta tumaini, na hilo si ujinga. Ndiyo maana mchezo huu unatushika: haumcheki mtu yeyote.

Nasi watumishi tuna maji yetu. Tuliwahi kusimama kando ya kitanda cha kijana mmoja tukasema atapona, Bwana ametuambia. Bwana hakuwa ametuambia. Tulishindwa tu kumtazama mama yake machoni. Kijana akaacha dawa. Tulipopata habari tulinyamaza, tukiogopa kuivunja imani ya nyumba ile. Tukamzika.

Yeremia 28 inatueleza habari za Hanania, aliyeivunja nira shingoni mwa Yeremia na kuahidi kwamba utumwa wa Babeli utakwisha katika miaka miwili. Yeremia aliitikia Amina, kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo. Kisha akaenda zake. Hakujibu kwa unabii wake mpaka alipopewa neno. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa upendo kwa taifa. Mmoja alisema alichokitamani. Mwingine aliweza kusubiri.

Je, Kinjeketile alikosea kukataa kukiri? Hatuthubutu kumhukumu. Aliyemdai ukweli alitaka kuutumia kama kiboko. Lakini mama wa kijana yule hakuwa afisa wa Kijerumani. Alikuwa na haki ya kuusikia ukweli kwetu. Mwaka 1518, huko Heidelberg, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake. Tumaini linaloogopa ukweli halijafika msalabani bado.

Tulirudi kwa mama yule tukakiri. Alilia, wala hakutujibu. Jumapili iliyofuata hakuja ibadani. Ya pili yake alikuja, akakaa mahali pake pa siku zote.

Maji yakimwagika hayazoleki. Basi kabla hatujasema, "Bwana amesema," tukubali kwanza kukaa kimya na mgonjwa, tumshike mkono, tumwombee, na tumkumbushe kunywa dawa zake.