Siku Moja Sidoni



Siku hizi wako watu wenye nafasi zao ambao hulipa fedha nyingi ili wapande meli za matembezi katika Bahari ya Kati. Usiku meli husafiri. Mchana hutia nanga bandarini, abiria wakashuka na kutembea mjini bila haraka, na jioni wakarudi melini kuketi mezani. Moja ya bandari hizo ni Valletta, katika kisiwa cha Malta, ambacho katika Biblia zetu huitwa Melita. Mtume Paulo naye alifika huko, lakini si kwa matembezi. Alikuwa mfungwa, na meli yake ilivunjika.

Habari ya safari hiyo imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Sisi wa Bariadi tuko mbali na bahari, lakini meli si ngeni kwetu. Wenzetu wa Busega huliona Ziwa Victoria kila asubuhi, na wako kati yetu waliolala melini usiku mzima kutoka Mwanza kwenda Bukoba. Tena mambo haya hatuyasemi kwa wepesi, kwa maana tunakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Basi tuisome sura hii kwa unyenyekevu, na tuangalie mambo mawili tu: siku ya bandarini, na chakula cha melini.

Siku ya bandarini ni ile ya Sidoni, katika mstari wa 3. Yulio, akida wa Kirumi, alikuwa na wafungwa mkononi mwake, na kazi yake ilikuwa kuwafikisha Italia. Hakuna sheria iliyomlazimu kumpumzisha mfungwa. Lakini alimtendea Paulo kwa wema, akamruhusu aende kwa rafiki zake wapate kumtunza. Luka hatuelezi walimfanyia nini. Sisi tunaojua kumpokea msafiri twaweza kufikiri: maji ya kuoga, chakula cha moto, mazungumzo, na maombi. Siku ile haikumfungua Paulo. Alirudi melini akiwa mfungwa vile vile. Lakini kwa saa chache alikuwa tena mtu mwenye ndugu.

Chakula cha melini ni kile cha mstari wa 33 na kuendelea. Dhoruba ilikuwa imewapiga, na siku ya 14 ilikuwa imefika bila wao kula. Usiku ule ule mabaharia walikuwa wamejaribu kutoroka kwa mashua na kuwaacha wengine wafe. Kulipokuwa kunakucha Paulo akawasihi wote wale. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao, akaumega, akaanza kula. Wote wakachangamka, nao wakala. Walikuwa watu 276: askari, mabaharia na wafungwa. Hata wale waliotaka kutoroka walikula. Hapakuwa na daraja la kwanza wala la tatu. Na tuone jambo hili: Paulo alishukuru kabla hawajaokoka, mawimbi yakiwa bado yanapiga.

Sasa, wapendwa, tujiulize: je, sisi ni nani katika habari hii? Hupenda kujiona kuwa Paulo. Lakini wengi wetu ni Yulio, maana tuna watu mikononi mwetu. Yuko kijana anayechunga ng'ombe zetu. Yuko msichana wa kazi jikoni. Wako vibarua wanaotuchumia pamba, hiyo pamba ambayo katika Simiyu ndiyo karo ya watoto, bati la nyumba na sadaka ya mavuno.

Na hapa tunapaswa kutubu. Jumapili tumevaa vizuri tukaja kumwabudu Mungu, na kijana wetu tumemwacha machungani. Tumeimba juu ya pumziko, na yeye hajapumzika tangu mvua za mwaka jana. Tumempikia mgeni wali na kuku, na kibarua tukampa michembe akalia pembeni chini ya mti, kana kwamba mezani petu atapunguza kitu. Nasi tukiulizwa husema, “Ng'ombe hawajui Jumapili.” Ni kweli, hawajui. Lakini amri ya Mungu katika Kutoka 20:10 haikumtaja mwenye nyumba peke yake. Imemtaja mtumwa na mjakazi, na mgeni, hata na mifugo. Pumziko ambalo bwana hulipata kwa kumchosha mwingine si sabato.

Basi tufanye nini? Tusingoje mambo makubwa. Katika msimu huu kila nyumba ichague Jumapili moja ambayo baba mwenyewe atashika fimbo na kwenda na ng'ombe, na kijana aje kanisani, au aende kuwaona wazazi wake. Msichana wa kazi naye apewe siku yake ya Sidoni. Na siku ya kuchuma pamba, chakula kiwe kimoja, sala ya kushukuru iwe moja, na wote waketi pamoja.

Mwisho, tusisahau jinsi sura inavyomalizika. Meli ilipokwama, askari walishauriana kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kukimbia. Aliyewazuia ni Yulio, kwa kuwa alitaka kumwokoa Paulo. Kwa hiyo wafungwa wote wakapona, na watu wote 276 wakafika nchi kavu. Mtu aliyetenda wema mdogo siku ya utulivu ndiye aliyeweza kutenda wema mkubwa siku ya hatari. Nasi tukishindwa kumpa mtu siku moja wakati wa amani, siku ya dhoruba tutampa nini?

Bwana Yesu, aliyekula na wenye dhambi, aketi katika nyumba zetu zote. Amina.