Boksi Lenye Kifua

Hela ya korosho ikiingia, mji wetu wa Mtama husikika kabla haujaonekana. Pikipiki mpya zinaunguruma, mafundi bati wanagonga juu ya mapaa tangu alfajiri, na jioni magari yanapita barabara ya Masasi vioo vimeshushwa, muziki umejaa njia nzima. Watu wa Dar es Salaam wana utani wao kwamba msimu ukiwa mzuri, kusini mbuzi hunyweshwa bia. Mbuzi huyo mimi sijapata kumwona. Nilichokiona msimu wa 2024, pale bei ya mnadani ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, ni mpwa wangu akirudi kutoka benki na spika moja ya inchi 12.

Aliitua barazani kwangu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba.”

“Nimenunua spika ya gari.”

Nikaitazama, nikamwambia hongera, nzuri, Mungu akuzidishie.

Jioni ileile, kwenye kijiwe cha kahawa, nilikuwa na maneno mengine. Niliwaeleza wazee wenzangu kwamba kijana nyumba yake haijapigwa hata lipu, halafu jasho la msimu mzima ameligeuza kelele. Wakacheka, nami nilipoona wanacheka nikaongeza chumvi. Mmoja akasema, “Debe tupu haliachi kuvuma,” na mimi nikaitikia kwa kichwa, kikombe mkononi.

Msomaji asiye wa huku huenda akaona hilo ni jambo dogo. Lakini kwetu, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ni nguzo ya nyumba. Mpwa akitaka kuoa, mjomba huulizwa. Akikosana na mkewe, mjomba huitwa. Akipotea njia, lawama hubisha hodi kwa mjomba kwanza. Mwenye nafasi hiyo hatakiwi kuwa na ndimi mbili. Mimi siku ile nilikuwa nazo, wala sikujishtukia. Aliyenishtua ni fundi wa maboksi ya spika, naye alikuwa akizungumza habari za muziki tu.

Siku chache baadaye mpwa wangu alipita tena. “Mjomba, Jumamosi kama una nafasi twende kwa fundi. Kuna kazi inahitaji mtu wa kushika.” Nikaenda, nusu kwa mapenzi, nusu kwa kutaka kuona mwisho wake.

Fundi mwenyewe ni mtu wa pwani. Kazi ya faiba alijifunzia kwenye boti, huko Lindi, kabla hajahamia kwenye magari. Pwani yetu imeshaizoea faiba. Septemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipofika Kilwa Masoko kuweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, wavuvi walikabidhiwa pia boti za kisasa. Zamani chombo kikivuja aliitwa mtu wa kalafati na pamba zake. Siku hizi huitwa pia mtu wa rezini, ile gundi ya faiba. Fundi wetu anasema kazi ni ileile. Kwenye boti unazuia maji yasiingie, kwenye boksi unazuia hewa isitoke.

Kabla hajashika chochote, aliilaza ile spika tupu kwenye mkeka, akaiunga kwenye amplifaya, akaweka singeli. Nilijiandaa kusikia ardhi ikitikisika. Ikatoka sauti kavu, nyembamba, kama mgonjwa anayekohoa chumba cha pili. Ngozi ya spika ilikuwa ikirukaruka kwa nguvu zake zote, na besi haipo. Mpwa wangu aliniangalia, mimi nikaangalia mikorosho. Moyoni nikasema, hela imekwenda na maji.

Fundi akacheka. “Haina ubovu, mzee wangu. Inasema mbele na inasema nyuma kwa wakati mmoja.”

Akatueleza. Ngozi inaposukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma. Kwa hiyo zinazaliwa sauti mbili, na kila moja inapinga mwenzake. Sauti kali hazidhuriki sana, kwa sababu mawimbi yake ni mafupi na kila moja hushika njia yake. Besi wimbi lake ni refu, linaweza kufika mita nane, na spika kwake ni kama kokoto mbele ya mafuriko. La nyuma linaizunguka spika bila taabu, linakutana na la mbele, yanauana. “Ndiyo maana ya boksi,” alisema. “Ukimziba wa nyuma, wa mbele ndiyo anasikika.”

Nilinyamaza. Nilikumbuka hongera yangu barazani na kicheko changu kijiweni, nikajua fundi amenisoma bila kunifungua.

Kazi ikaanza. Gari la mpwa wangu ni Corolla ya zamani, nalo ndilo jembe lake la pili. Hubeba abiria, na pengine usiku hukimbiza wagonjwa hospitali ya Nyangao, na buti hubeba magunia. Boksi la mbao la pembe nne lingelimeza buti zima. Faiba haina pembe ya kudumu; inafuata umbo la mahali ilipolazwa. Wakachagua kona iliyo nyuma ya tairi, lile shimo lisilo na kazi ambalo hukusanya vumbi na spana zilizopotea.

Wakalibandika bati lote la kona ile tepu ya karatasi, juu yake foili, juu ya foili wakapaka nta ili gari lisije likagandana na boksi. Faiba yenyewe ni kama mkeka mweupe wa nyuzi za kioo zilizotawanyika. Vipande vyake fundi hakuvikata kwa mkasi, alivichana kwa mkono, maana nyuzi zenye ncha hushikana vizuri kuliko kingo zilizonyooka. Kila kipande hulowekwa rezini kwa brashi na kugongwagongwa mpaka mapovu yatoke. Na rezini haikauki yenyewe bila hadina, dawa ya kuigandisha: kwa lita moja, vijiko viwili au vitatu vya chai, na kwa joto la huku ni heri kupunguza kuliko kuzidisha.

Hapo ndipo nilipotaka kuonyesha ujuzi. Nilikabidhiwa kopo nikoroge, nikaona vijiko hivyo ni vichache, nikaongeza. Kabla sijamaliza kueleza kisa nilichokuwa nacho mdomoni, kopo likawa moto, likafuka moshi, rezini ikaganda na kijiti changu ndani. Fundi alilisukuma mchangani kwa mguu. “Hiyo ni shilingi zako, mzee, siyo za kijana,” akasema, tukacheka wote, nikalipa.

Kesho yake ganda lilibanduliwa, likatoka na umbo la kona ile kama ukaya uliochukua sura ya kichwa. Mbele yake likawekwa duara la ubao wa MDF litakaloshika spika. Kati ya duara na ganda kukavutwa kitambaa cha fulana, na hapo ndipo kazi yangu ya kushika ilipopatikana. Nilikivuta kwa mikono miwili, mpwa wangu akivuta upande wa pili, fundi akipiga pini. Kikalegea kidogo tu, boksi litakuwa na kikunyanzi milele. Tulikaa hivyo muda mrefu, uso kwa uso, mjomba na mpwa, hatuna la kusema. Kisha kitambaa kikanyweshwa rezini, kikawa mgongo wa kobe.

Ukafika wakati wa kupima. Spika ile ilitaka hewa ya lita 30 hivi, na fundi hana chombo cha kisasa cha kupimia tumbo la kitu kisicho na pembe. Ana debe. Debe moja ni lita 20, basi debe moja na nusu. Akamimina nafaka ndani mpaka juu, akaimwaga, akaihesabu. Ilikuwa mtama. Nimeishi Mtama miaka yote, na sikuwahi kuuona mtama ukipewa kazi ya heshima kama ile.

“Ikizidi?” nikauliza.

“Spika inakosa wa kumshika, ngozi inaruka hovyo mpaka inachanika.”

“Ikipungua?”

“Inabanwa. Inatoa mlio mmoja kila wimbo.”

Nimekuja kujua kwamba elimu hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1954, Mmarekani Edgar Villchur alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo, lililozibwa sawasawa, inaweza kuwa springi inayoirudisha ngozi ya spika mahali pake. Kabla yake, aliyetaka besi nzito alidhani lazima awe na kasha kama kabati la nguo. Villchur alipunguza kasha, sauti ikashuka chini zaidi.

Lakini boksi letu lilikuwa na kasoro moja. Fundi aliligonga kwa kifundo cha kidole, likaitika kama bati. Akatikisa kichwa. “Ukuta unaongea.” Ukuta mwembamba, alisema, ukipigwa na besi unaanza kuimba wimbo wake mwenyewe. Akaongeza tabaka la faiba kwa ndani, akagonga; akaongeza jingine, akagonga; mpaka likaitika kama jiwe. Nami nikaikumbuka methali ya kijiweni. Miaka yote nilidhani kosa la debe ni utupu wake. Boksi hili nalo ni tupu, ndani hamna ila hewa. Debe huvuma kwa sababu ngozi yake ni nyembamba, kila kinachoigusa linakitangaza.

Kiswahili kina neno lake kwa hili. Mtu anayejua kutunza la mwenzake tunasema ana kifua. Wazee wetu walilifundisha jandoni na unyagoni kabla hawajafundisha mengine: kuna la kusemwa na kuna la kukaa, na aliyeshindwa kulikalisha hakukua. Ambalo hatukuambiwa ni kwamba kifua ndicho kinachotia uzito katika neno linalotoka. Ukisema mbele za mtu hivi, na nyuma yake vile, watu hawatachagua kati ya maneno yako mawili. Yatauana, na wewe utabaki ukirukaruka bila besi.

Fundi akaniongezea jambo ambalo sikulitarajia. Kuna maboksi, alisema, ambayo hayazibwi kabisa. Yanaachiwa bomba, lenye upana na urefu uliopimwa, na ile sauti ya nyuma hupitishwa humo, ikacheleweshwa kiasi, ikatoka nje ikiwa imeshageuka kukubaliana na ya mbele. Ikipita humo inaongeza nguvu badala ya kuua. Nikaona hata la nyuma lina mlango wake halali. Kama nilikuwa na neno kuhusu nyumba isiyo na lipu, kikao kilikuwepo, na mjomba ndiye mwenye kukiita. Ningekaa na kijana, ningemwuliza, naye angenijibu alichokuja kuniambia baadaye bila hata kuulizwa: abiria wa siku hizi huchagua gari lenye muziki, na lipu ataipiga kwa nauli.

Ikabaki puti, msasa na muwasho. Vumbi la faiba likikuingia shingoni, upupu ni afadhali. Mwisho fundi akapaka povu la sabuni kwenye maungio yote kama anayetafuta pancha, akaikuta tundu moja ndogo kama ya sindano, akaikalafati. Akaibonyeza ngozi ya spika kwa viganja, ikazama, akaiachia. Ilirudi polepole, kama mtu anayeshusha pumzi. “Imeziba,” akasema.

Tulirudi nyumbani magharibi ikikaribia. Mpwa wangu aliweka wimbo kwa sauti ya chini tu. Besi sikuisikia masikioni kwanza, ilinijia hapa kifuani, nzito, tulivu. Karibu na kona ya shule aliizima. Sikuelewa mpaka tulipoipita nyumba yenye turubai, wanaume wamekaa kwenye majamvi nje. Yeye alikuwa na habari za msiba ule, mimi sikuwa nazo.

Juma lililofuata nilikwenda kijiweni. Muuza kahawa alinimiminia, akainama. “Mzee, siku ile ulipokuwa unamsema kijana, alikuwa hapo nyuma yako ananunua kashata. Alisikia yote, akaondoka.”

Yaani alisikia, kisha akaja barazani kwangu kuniomba nikamshikie kitambaa.

Jioni nilimfuata. Nikamkuta anafuta vioo vya gari. Nikamwambia yale niliyoyasema kijiweni hayakuwa ya kusemwa na mtu kama mimi, na naomba radhi. Hakuinua uso.

“Maneno gani, mjomba?” akasema, akaendelea kufuta.