Wageni Wawili Katika Nyumba Moja



Kila mwaka hapa Unguja twawaona vijana waliotoka nchi za mbali, nao wamekuja kusoma. Baadhi yao hujifunza lugha yetu pale Vuga, katika Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengine huletwa na vyuo vyao vya Ulaya na Marekani kwa muhula mmoja, wasome habari za bahari, matumbawe na misitu. Wengi wao hawakai hotelini. Hukaa na watu, katika nyumba za Mji Mkongwe na Ng'ambo, wakiwaita wenyeji wao Mama na Baba. Na mwenyeji hupewa fedha za chakula na malazi.

Kwa ajili ya fedha hizo watu huulizana: je, ukarimu unaolipiwa ni ukarimu? Wazee wetu hawakumtoza mgeni. Swali hili ni zuri, na yafaa tulitazame bila haraka.

Sisi twaona kwamba fedha peke yake haiharibu ukarimu. Mchele una bei, samaki wa Darajani ana bei, na umeme vilevile. Mgeni akila miezi minne bila kutoa kitu huwa mzigo kwa nyumba yenye watoto wengi, na mwenyewe huona haya. Lakini yako mambo yasiyomo katika hesabu ile. Hakuna aliyemlipa mama akae macho mpaka mtoto wa watu arudi kutoka Forodhani. Hakuna aliyemlipa bibi amkalishe mgeni juu ya mbuzi, amfundishe kukuna nazi asifike kwenye kifuu. Hakuna aliyemlipa jirani amwambie kwa upole, "Mwanangu, jitande kanga kabla hujatoka." Hayo hutolewa bure, au hayatolewi kabisa.

Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaodhani kuwa ni maneno ya choyo. Sivyo. Jembe ndilo linalomtoa mgeni barazani na kumwingiza ndani. Anayepewa kazi hupewa pia nafasi ya kukosea, kuonywa na kucheka pamoja na wenzake. Anayehudumiwa tu hubaki mgeni mpaka siku anapofunga sanduku lake.

Basi kipimo cha ukarimu wa nyumba kiko wapi? Hakiko kwa mwanafunzi, maana yeye ana chuo kinachomwulizia, na ana tiketi ya kurudi kwao. Twaona kipimo kiko kwa mgeni wa pili. Mara nyingi katika nyumba hiyo hiyo yumo msichana wa kazi, aliyetoka shamba au Bara. Naye ameacha mama yake. Naye analala chini ya dari ya watu. Naye anajifunza desturi za nyumba asiyozaliwa. Mwanafunzi huulizwa habari za mji wao, na baridi yao, na ndugu zake wangapi. Je, msichana huyu nani amemwuliza kijiji chao? Mwanafunzi akiumwa kichwa nyumba nzima huhangaika. Msichana akiumwa, huenda akaambiwa amalize vyombo kwanza.

Ulaya nako swali hili limewasumbua watu. Huko kuna desturi ya kijana wa nchi nyingine kukaa na familia, kujifunza lugha yao na kusaidia kazi za nyumbani. Humwita "au pair", maneno ya Kifaransa yenye maana ya sawa kwa sawa. Mwaka 1969 nchi za Baraza la Ulaya zilifanya mapatano juu ya vijana hao: wapewe chakula, malazi na fedha za mfukoni, wapate wasaa wa kusoma, na kazi isizidi saa tano kwa siku. Denmark ni mojawapo ya nchi zilizoyakubali. Hata hivyo huko Denmark watu wamebishana sana, wakiuliza kama kijana huyo ni mtoto wa nyumba kweli, au ni mtumishi wa bei rahisi aliyepewa jina zuri. Jina zuri halitoshi, huko wala hapa. Sisi nasi twasema, "Huyu ni kama mwanangu," na maneno hayo yaweza kuwa ya kweli, au yaweza kuwa njia ya kutomlipa.

Sisi wa Mkunazini tuna sababu ya kulifikiri neno hili kuliko wengine. Kanisa letu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1873, limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetiwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani. Baadaye alipelekwa Uingereza, akasoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino mjini Canterbury, yeye naye akiwa mgeni miongoni mwa watu wa lugha nyingine. Mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika katika misheni ya UMCA. Yule mtoto alipopokelewa hapa hakuwa na chuo cha kumwulizia wala tiketi ya kurudi kwao.

Kwa hiyo hatusemi mwanafunzi apunguziwe kitu. Apewe chai yake, boflo lake, na jembe lake siku ya tatu. Twasema yule wa jikoni aongezewe: mshahara wake ulipwe kwa tarehe iliyopatanwa, awe na siku yake ya kupumzika, akiugua apelekwe hospitali, na sinia linapotengwa naye aitwe kwa jina lake. Mwanafunzi kutoka mbali atayaona hayo yote. Na hiyo ndiyo desturi ya Unguja atakayokwenda kuwasimulia kwao.