Jua la Saa Kumi Kasoro

Ukihamia London mwezi Desemba, jua huzama saa kumi kasoro, nawe bado unajiuliza mchana uliingia saa ngapi. Mabasi ya mjini hayapokei fedha taslimu tangu 2014; unagusisha kadi, unakaa kimya. Wiki ya kwanza nilisimama kushoto kwenye ngazi za umeme, nikaziba njia, mpaka mama mmoja akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa tusi zima! Kilichonituliza ni mihogo ya Rye Lane, Peckham. Muuzaji aliuvunja mmoja nione weupe wake, kama Kariakoo tu. Jumamosi ya tatu akaniwahi kwa salamu.

Una ndugu London? Mpigie leo, ila ngoja kidogo: msimu wa baridi wa kule, hapa nyumbani kukiwa saa kumi na mbili asubuhi, kwake bado ni saa tisa usiku.