Fahali wa Birmingham: Je, Ni Dhambi Kumtesa Mnyama?

Katika nchi ya Uingereza uko mji mkubwa uitwao Birmingham, ambao tangu zamani ni mji wa wafua chuma. Mwaka 1166 mfalme Henry wa Pili alimpa bwana wa mahali pale, Peter wa Birmingham, ruhusa ya kufanya soko kila Alhamisi. Watu wakaja na mali zao na mifugo yao, na kijiji kidogo kikawa mji. Soko lilikua karibu na kanisa la Mtakatifu Martino, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Mahali hapo hata leo panaitwa Bull Ring, maana yake Pete ya Fahali. Jina hilo limebeba habari ya huzuni.

Zamani, kabla fahali hajachinjwa, walimfunga kwa kamba kwenye pete ya chuma, wakamwachilia mbwa. Mbwa hao walizalishwa kwa kazi hiyo: wafupi, wenye taya pana, wasioachia kitu wakiisha kukiuma. Mbwa alitafuta kumshika fahali puani, mahali penye uchungu mkubwa. Fahali naye alijitetea kwa pembe zake, akimrusha mbwa juu, na pengine mbwa alianguka amevunjika. Watu walisimama kuzunguka, wakashangilia, wakashindania fedha, huyu kwa mbwa, huyu kwa fahali. Kisha fahali alitolewa kwa mchinjaji, na nyama yake ikauzwa sokoni.

Watu wale hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristu waliobatizwa, na kanisa lilikuwa mbele ya macho yao. Kwa sababu hiyo habari yao yawafaa wote wanaojitayarisha kwa Ubatizo. Maji ya Ubatizo huondoa dhambi, lakini desturi mbaya ya mji haiondoki yenyewe. Yataka mtu aikatae kwa nia yake, kwa msaada wa neema ya Mungu.

Wenye kuutetea mchezo ule walikuwa na maneno manne. Yafaa kuyapima moja moja, kwa maana hayakufa pamoja nao.

Neno la kwanza: «Nyama yake huwa laini.» Katika miji kadhaa ya Uingereza sheria ilimkataza mchinjaji kuuza nyama ya fahali asiyeumwa na mbwa kwanza, na aliyevunja sheria alitozwa fedha. Hivyo ukatili ulivaa nguo ya sheria na ya faida. Lakini siku hizi wenye elimu ya machinjio wanajua kwamba mnyama aliyehangaishwa na kuchoshwa kabla ya kufa, nyama yake huwa nyeusi na huharibika upesi. Tena, kama nia ilikuwa nyama tu, mkutano ulikuwa wa nini? Kelele na fedha za kushindania zilikuwa za nini? Faida ilikuwa kisingizio. Furaha ya kuona mateso ndiyo iliyowavuta watu. Mtu akitaka kuijua nia yake ya kweli, ajiulize kama angelifanya tendo lile pasipo mtu wa kutazama na kucheka.

Neno la pili: «Atakufa tu.» Ni kweli. Mungu alimruhusu Noa na wanawe kula nyama, na kuchinja kwa ajili ya chakula si dhambi. Lakini haki ya kuua si haki ya kutesa. Kila chenye uhai kitakufa: mzee atakufa, mgonjwa atakufa, na yule anayeshangilia atakufa. Kama kifo kinachokuja kingehalalisha mateso ya leo, nani angesalimika?

Neno la tatu: «Mnyama hana roho isiyokufa.» Hili nalo ni kweli. Mnyama hakuumbwa kwa mfano wa Mungu, wala Kanisa halifundishi kumpenda mnyama kama mtu. Lakini mnyama husikia uchungu, na mwenyewe ni mali ya Muumba wake. Mwanadamu amewekwa kuwa msimamizi, si mwenye mali. Mchungaji aliyeachiwa zizi la bwana wake, akiwatesa ng'ombe ili acheke, atajibu nini bwana akirudi? Torati ya Musa iliwaamuru watu wamsaidie hata punda wa adui aliyeanguka chini ya mzigo, na wasimfunge kinywa ng'ombe anayepura nafaka.

Tena, madhara hayaishii kwa mnyama. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba anayezoea kuwahurumia wanyama huelekea kuwahurumia watu, na anayezoea kuwatesa huelekea ukatili kwa watu pia. Mwaka 1751 mchoraji wa London, William Hogarth, alionyesha jambo hilo kwa picha nne. Katika ya kwanza kijana anamtesa mbwa; katika ya pili, akiisha kuwa mtu mzima, anampiga farasi; katika ya tatu amemwua mwanamke; katika ya nne amekwisha kunyongwa, na maiti yake inapasuliwa. Wahenga wamesema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mkono uliozoea utamu ule hausimami daima kwenye nguruwe.

Neno la nne: «Matajiri nao huwinda.» Neno hili lilisemwa katika Bunge la London mwaka 1800, William Pulteney alipoleta shauri la kukataza mchezo wa mbwa na fahali. William Windham akapinga. Alisema kwamba maskini wana furaha chache, na kwamba si haki matajiri wanaowinda kwa kujifurahisha wawanyang'anye maskini mchezo wao. Shauri likaanguka kwa kura mbili tu. Na mwaka 1802 likaanguka tena.

Neno hili ni zito kuliko yale matatu, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Sheria inayomshika maskini na kumwacha tajiri ni haki nusu. Uwindaji wa mbweha kwa kundi la mbwa, mchezo wa wakubwa, ulikuja kukatazwa huko kwa sheria ya mwaka 2004 tu. Lakini dhambi ya tajiri haimtakasi maskini. Njia ya haki ilikuwa kuwakataza wote wawili; Windham alitaka wote wawili waachwe. Katika usawa wa namna hiyo fahali hakupata kitu.

Mwisho wa mchezo haukuja upesi. Mwaka 1822 Richard Martin, mtu wa Ireland, alipata sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo. Lakini mahakama zilisema kwamba fahali hakutajwa humo, na mbwa wakaendelea kuachiliwa. Mwaka 1824 mchungaji Mwanglikana, Arthur Broome, alikusanya watu London wakaunda chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Chama kikaingia katika madeni, na Broome akafungwa gerezani kwa ajili ya madeni hayo. Pamoja naye alikuwa William Wilberforce, yule aliyepigania sheria ya mwaka 1807 iliyokataza Waingereza biashara ya watumwa. Wako wanaosema kwamba kumhurumia mnyama ni kuwasahau watu. Lakini moyo uliosikia kilio cha mtumwa ndio uliosikia na cha mnyama. Mwaka 1835, kwa juhudi ya Joseph Pease, sheria ikakataza kabisa kuwachokoza fahali na wanyama wengine kwa mbwa.

Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kusema. Mwaka 1567 Papa Mtakatifu Pio wa Tano alikataza michezo ya kupigana na mafahali, ingawa Mapapa waliofuata walipunguza ukali wa adhabu zake katika Hispania. Na katika Birmingham yenyewe aliishi Mtakatifu John Henry Newman, aliyeanzisha huko nyumba ya mapadri mwaka 1848, akafa huko mwaka 1890, na kutangazwa Mtakatifu mwaka 2019. Kabla hajaingia Kanisa Katoliki, alikwisha kuhubiri kwamba mtu asiyeguswa na Mateso ya Bwana afikiri kwanza mnyama asiye na kosa anavyoteswa, kisha akumbuke kwamba Yezu Kristu ameitwa Mwana-Kondoo. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe.

Leo katika Bull Ring soko lingali lipo. Tangu mwaka 2003 pamesimama sanamu kubwa ya fahali wa shaba. Watoto humshika pembe, na wageni hupiga picha kando yake. Hakuna anayemfunga.

Lakini pete haikuwa ya chuma tu. Mtoto anapomfunga ndege mguu kwa uzi na kumvuta mpaka afe, na wazee wakacheka, pete ile iko hapo. Mtu anapompiga mbwa wake mwenye njaa kwa sababu ya hasira aliyoipata kwingine, pete ile iko hapo. Yafaa mkatekumeni aifungue kabla ya siku ya Ubatizo.

YA KUKUMBUKA

Swali: Je, ni dhambi kuchinja mnyama kwa ajili ya chakula?
Jibu: Si dhambi. Mungu amewapa watu ruhusa hiyo.

Swali: Je, ni dhambi kumtesa kwa kujifurahisha?
Jibu: Ndiyo, ni dhambi. Mnyama ni kiumbe cha Mungu, na mtesaji anauharibu moyo wake mwenyewe.

Swali: Kama watu wote wa mahali hufanya hivyo, je, kosa linaondoka?
Jibu: Haliondoki. Desturi ya wengi haigeuzi ubaya kuwa wema.