Ngoma ya Mtoto Kilema: Sadaka ao Deni?

Leo twawaletea swali moja lililotusumbua karibu mwaka mzima. Hatukulitoa vitabuni. Tuliulizwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja, nasi hatukuwa na jibu.

Katika parokia yetu watoto vilema hukusanyika kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya masomo. Wapata kumi na wanne. Wengine miguu yao ilinyauka kwa ugonjwa wa polio, wawili ni viziwi, mmoja ni kipofu, na wengine akili yao yaenda polepole kuliko ya wenzao. (Twajua kwamba siku hizi wengi wapenda kusema "watoto wenye ulemavu", na sababu yao ni nzuri: mtoto ni mtoto kwanza, kilema chafuata nyuma. Sisi twatumia maneno yote mawili, maana watoto wenyewe hutumia lile fupi.) Hapo hujifunza kupiga ngoma, kuimba, kuchora kwa makaa, na kufinyanga udongo.

Siku ya sikukuu ya parokia walikuja wageni kutoka mjini. Tukawaweka watoto mbele kabisa, magongo yao yakionekana vizuri. Tuungame wazi: ndivyo tulivyotaka. Wakapiga ngoma, lakini vibaya. Wa kwanza alikimbia, wa pili akamfuata, na wale viziwi wawili wakaachwa nyuma kama watu waliokosa mtumbwi. Hata hivyo makofi yalikuwa mengi, mama mmoja akafuta machozi, na kikapu kikajaa franka kuliko siku nyingine yoyote. Jioni, tulipokuwa tukizirudisha ngoma ghalani, yule mtoto wa ngoma kubwa akatuuliza: "Mwalimu, watu wale walitoa feza kwa sababu tulipiga vizuri, ao kwa sababu ya miguu yetu?"

Tukamjibu: "Mlipiga vizuri sana." Akatutazama, akanyamaza, akachukua gongo lake akaenda zake. Alikuwa na masikio, naye alisikia jinsi ngoma ilivyokimbia. Kumbe tulimdanganya, na alijua.

Tangu siku ile twajiuliza: je, tukimfundisha mtoto kilema ngoma ao picha, twampa sadaka, ao twalipa deni? Mtu aweza kusema kwamba hiyo ni mizungu ya waliosoma seminari. Lakini tofauti ni kubwa. Sadaka, mtoaji ndiye achaguaye: atoe leo ama kesho, kidogo ama kingi, na anayepokea hana neno. Deni halina kuchagua. Tena deni lazima lilipwe kwa feza halali. Ukilipa kwa noti ya bandia hujalipa, umeiba mara ya pili.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akifuata wanasheria wa zamani, atufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi tuulize: je, ngoma ni ya mtoto kilema? Tutazame vijijini mwetu. Ni nani aliyekwenda kuomba ruhusa ili mtoto wake ajifunze kucheza? Mtoto azaliwa, ngoma yalia. Mzee afa, ngoma yalia. Mavuno yaja, watu waimba. Mtoto husimama kando ya wakubwa, hutikisa kichwa, kisha mabega, na akifika miaka mitano amekwisha kujua, wala hakuna aliyemfundisha. Kila mmoja wetu alipokea hivyo, bure, kama alivyopokea lugha ya mama yake. Lakini mtoto asiyeweza kutembea, siku ya ngoma huachwa nyumbani na bibi yake ama peke yake. Wazazi wengine humficha kwa haya, wengine kwa kuhofia maneno ya watu. Hakuna aliyesema, "Huyu tumnyime." Hata hivyo amenyimwa. Akifika miaka kumi hajui kile ambacho ndugu yake mdogo ajua, nasi twasema, "Ndivyo alivyozaliwa." Hapana. Alizaliwa na mguu mbaya. Ujinga wa ngoma hakuzaliwa nao, sisi tulimpa kwa kumwacha ndani. Na kumrudishia mtu kitu kilichokuwa chake hakuitwi sadaka.

Mzee mmoja wa parokia, mtu mwema tunayemheshimu, alitupinga sana. Alisema: "Ninyi walimu, mtoto hana gongo nanyi mwampa ngoma? Kwanza chakula, kwanza dawa, kwanza gongo." Kwa mpango wa saa ana haki: mwenye njaa apewe chakula kabla ya wimbo. Lakini neno lile "kwanza" tumelisikia miaka mingi, na la pili halifiki. Zaidi ya hayo, kuna watoto wawili ambao hawakukubali kutoka nyumbani kwa ajili ya gongo, bali kwa ajili ya ngoma walitoka. Gongo walilipewa baadaye, walipokwisha kuwa na mahali pa kwenda.

Mataifa nayo hayakuyaona mambo haya kuwa mchezo. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, yaliyokubaliwa tarehe 13 Desemba 2006, yana kifungu cha 30 kinachotaka watu hao wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, si kwa faida yao wenyewe tu bali kwa kuitajirisha jamii nzima. Kongo yetu iliingia katika mapatano hayo mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake ya kuwalinda watu wenye ulemavu. Twapenda hasa yale maneno ya kuitajirisha jamii. Hapo mtoto kilema si mwenye kupokea tu. Ana kitu cha kutoa, nasi tusipomfundisha twajiibia wenyewe.

Wakongomani wakumbuke kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa. Wakubwa wake wengi walikuwa watu waliopooza kwa polio, wakienda kwa vigari vya magurudumu matatu, na walikuwa wakijizoeza katika bustani ya wanyama ya mji ule. Sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2010 sinema juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Kati ya nyimbo zao mmoja wawahimiza wazazi wawapeleke watoto kupata chanjo ya polio. Lakini jambo tunalolipenda zaidi ni lingine. Walimwokota mtoto wa njiani, Roger Landu, mwenye miguu mizima, aliyejitengenezea zeze la kopo tupu, kijiti kilichopindwa na uzi mmoja, nao wakamlea katika muziki wao. Waliopooza ndio waliomfundisha mzima! Kisha kundi lilitengana, kama makundi mengi ya muziki. Na hata juu yao swali la mtoto wetu laweza kuulizwa: wazungu waliojaza vyumba vya muziki kule Ulaya, walikwenda kwa ajili ya nyimbo ao kwa ajili ya vigari? Twaamini kwamba wengi walianza kwa vigari wakamaliza kwa nyimbo. Lakini hayo hayawezekani kama nyimbo zenyewe ni mbaya.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yetu, nasi twataka kukaa hapo kidogo.

Kumfundisha mtoto kilema kwataka akili na saburi kuliko feza. Mwanzoni tulidhani kiziwi hawezi ngoma. Tulikosa. Tulilaza chini mbao ndefu, tukaweka juu yake ile ngoma kubwa, tukamwonyesha mtoto avue viatu asimame juu ya mbao ileile. Pigo lapanda kwa nyayo mpaka magotini, mpaka kifuani. Ngoma yenye sauti nene yafaa kuliko ndogo, kwa maana mwili huisikia. Evelyn Glennie wa Scotland, aliyezaliwa mwaka 1965 na kupoteza karibu kusikia kwake kote tangu utoto, hupiga ngoma mbele ya watu wengi, mara nyingi miguu mitupu. Kipofu twamfundisha mkono juu ya mkono. Yule ambaye vidole vyake vyatetemeka, makaa yake tuliyafunga katika kitambaa mpaka yakanenepa kama gunzi, na karatasi tukaibandika mezani isikimbie. Mwenye akili ya polepole tulimpa pigo moja tu: wenzake wapige matatu, yeye ajibu moja. Alijifunza Jumamosi saba. Kazi hiyo si ndogo, maana asipojibu, ngoma yote yaanguka.

Lakini mtoto yule wa pigo moja alipokosa, tulifanya nini? Twawaambia ukweli: tulimwacha. Mama mmoja mwenye kutusaidia alisema, "Mwacheni, maskini," nasi tukaona ni maneno ya upendo. Neno hilo "maskini" lina sauti tamu mdomoni. Mtoto mwenye miguu mizima akipiga vibaya twamwambia, "Umekosa, rudia." Mtoto kilema akipiga vibaya twamwambia, "Vizuri!" Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba yule wa kwanza twamtazamia kuwa mpiga ngoma, na huyu wa pili hatumtazamii kuwa kitu. Sifa tuliyompa ni ile noti ya bandia tuliyoitaja. Yang'aa, lakini haitamnunulia hata chumvi siku atakapokwenda kupiga mbele ya watu wasiomjua.

Louis Braille alikuwa mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, huko Ufaransa. Alizaliwa mwaka 1809, akapofuka akiwa mdogo sana kwa kujichoma jicho na chombo cha baba yake cha kutobolea ngozi. Wengi wamjua kwa maandiko ya nukta ambayo vipofu husoma kwa vidole. Wachache wajua kwamba kitabu chake cha mwaka 1829 kilieleza namna ya kuandika kwa nukta si maneno tu, bali na muziki, pamoja na nyimbo za Kanisa za zamani. Katika masomo ya vipofu ya Paris alikuwa amefundishwa muziki kwa bidii, akawa mpiga kinanda katika makanisa ya mji ule. Mkristu aliye katika Misa hasikii macho ya mpiga kinanda, asikia kinanda. Kama kinakosa, kinakosa. Kama walimu wake wangalimwambia "Vizuri, maskini," kijana yule angalibaki mlangoni pa kanisa na bakuli mkononi.

Hatusemi kwamba mtoto adaiwe asichoweza. Huo ungekuwa ukatili uliovaa kanzu ya haki. Mkono uliokauka hatuusahihishi, twautafutia njia. Lakini sikio zima lililokimbilia mbele, ao uvivu wa Jumamosi tatu, hayo si kilema, nayo yataka maneno yaleyale ambayo kila mtoto huyapata. Kutenganisha hayo mawili ni kazi ngumu. Mara nyingine tumekosa, tukamkemea mtoto kumbe alikuwa na maumivu ya nyonga. Tulimwomba radhi.

Na kikapu je? Hatujakiacha. Ngozi za ngoma zapasuka, karatasi zanunuliwa, na mtoto mmoja bado angojea gongo lake. Lakini sikukuu iliyofuata hatukuwaweka watoto mbele. Waliketi kati ya wapiga ngoma wa kwaya, mahali pao, na kikapu kilipita siku nyingine. Feza zilikuwa chache, twasema kweli, na wazee wa parokia hawakufurahi.

Katika mazoezi ya sikukuu hiyo yule mtoto wa ngoma kubwa alikimbia tena, kama mwaka jana. Kiongozi wa kwaya akainua mkono, kwaya yote ikanyamaza, akamwambia mbele ya watu arobaini: "Wewe, umetutangulia. Rudia peke yako." Mtoto akakunja uso, tukadhani atalia. Akarudia mara nne, na kwaya ikamngojea. Jumamosi iliyofuata tulipofika chini ya mwembe tulimkuta yuko tayari, gongo limelala kando, akijihesabia mapigo kwa sauti ndogo, na hakutaka tuanze na kitu kingine.