Kipimo cha Mafunzo kwa Mtoto Mwenye Usonji

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeulizwa na wazazi juu ya mtoto wao wa miaka minne mwenye usonji. Asubuhi yuko skuli, adhuhuri hupelekwa kwa mwenye kumfunza kusema, alasiri yuko chuoni. Magharibi hulia hata akalala bila ya kula. Je, aongezwe saa au apunguziwe?

Wazazi wengi huongeza, kwa kuogopa lawama ya kesho. Khofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1987 Ivar Lovaas, mwalimu wa chuo kikuu huko California, alitangaza kuwa katika watoto 19 waliofunzwa saa 40 kila juma, 9 waliweza kusoma katika madarasa ya kawaida. (Humo mlikuwamo na kofi la paja, jambo ambalo wasimulizi hulisahau.) Tangu hapo saa 40 zikashikwa kama faradhi. Lakini mwaka 2021 wataalamu walilinganisha saa 15 na saa 25, wasione tofauti kwa jumla. Na mwaka 2024 zilipokusanywa tafiti 144, haikuonekana kuwa wingi wa saa ndio uletao faida.

Salman Alfarisi alipomkuta Abu Dardai amezama katika saumu na sala za usiku hata mkewe amesahauliwa, alimzuia, akamkumbusha kuwa mwili na jamaa wana haki zao, na Mtume (s.a.w.) akamsadiki Salman. Ikiwa ibada ina kiasi, mazoezi ya mtoto mdogo yatakosaje kuwa nacho?

Wala hatusemi aachwe. Wako wamfungiao ndani kwa aibu, au wamzungushao kwa waganga apungwe pepo. Hao wamemdhulumu zaidi, kwani usonji ni maumbile ya ubongo, si pepo, wala si malezi mabaya ya mama.

Mzazi amtazame mtoto wake: yuwalala? Yuwala? Amepata njia ya kuomba maji, kwa neno au kwa ishara? Mafunzo yamwongezeayo haya ni ya kushikwa. Yamwondoleayo usingizi yapunguzwe.

Kwa mtoto huyu rai yetu ni hii: skuli ya asubuhi ibaki. Mwenye kumfunza kusema abaki, na mama akae naye ajifunze, ili somo liendelee nyumbani wakati wa chakula. Chuo kingoje, kalamu haijaanza kumwandikia, na hana dhambi asipohifadhi sura akiwa na miaka minne. Alasiri aachiwe mwenyewe, acheze na mchanga wake.